Taka za Baharini Tanga: Maswali Tunayoulizwa Kila Tukishika Magunia

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, wenzetu wanapofagia barabara sisi wa kikundi cha kuokota taka huteremka ufukwe wa Sahare na magunia. Haipiti nusu saa kabla hajatokea mtu wa kuuliza: mvuvi anayeshona wavu, mama anayerudi kuchokoa pweza, mtoto wa shule, au mzee aliyejipumzisha chini ya mkungu. Maswali huwa yale yale, na mengi ni mazuri. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa mstari mmoja.

Taka za baharini ni zipi hasa?

Ni kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kikaishia baharini au ufukweni: chupa, vizibo, ndala, pampasi, kamba, vipande vya nyavu, vichungi vya sigara, vioo, matairi. Majani ya bahari yanayotupwa na mawimbi si taka, hata yakinuka. Hayo yaache hapo hapo, maana vijidudu na ndege wa pwani wanapata riziki humo. Kinachojaza magunia yetu ni plastiki, na vitu vingine vyote huchangia kidogo tu.

Si zinaletwa na meli na nchi za nje? Sisi Tanga tuna viwanda vingapi?

Zipo zinazotoka mbali, na sikatai. Upo mkondo mkubwa wa maji unaokuja kutoka mashariki ya Bahari ya Hindi, unagonga pwani karibu na mpaka wetu na Msumbiji, kisha tawi lake moja linapanda kaskazini kupita Mtwara, Kilwa, Dar es Salaam hadi kwetu. Kwenye pwani za Kenya na Shelisheli watafiti wameokota chupa zenye maandishi ya Indonesia. Kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli hakina kijiji wala soko, lakini mwaka 2019 watu wa kujitolea walitoa tani 25 za taka katika wiki tano, nyingi zikiwa zana za uvuvi na ndala. Walikadiria kuwa tani nyingine 500 hivi zilibaki.

Kuhusu meli, sheria ya kimataifa iitwayo MARPOL imezikataza kutupa plastiki baharini, mahali popote duniani, tangu mwisho wa mwaka 1988. Anayetupa anavunja sheria, na bado wapo wanaotupa.

Lakini chukua chupa unayoiokota Sahare uigeuze. Iliyosafiri miezi baharini huwa imeota viumbe vya magamba kama vikombe vidogo, lebo imeshatoka, plastiki imepauka na kuwa kama chaki. Ikiwa ni safi, na lebo ya Kiswahili bado inasomeka, hiyo haijatoka Indonesia. Imetoka Ngamiani, au Chumbageni, au Amboni, humu humu Tanga. Ilitupwa kwenye mtaro wakati wa kiangazi ikakaa, mvua ya kwanza ya masika ikaichukua. Mito ya Mkulumuzi na Sigi inamwaga kwenye ghuba yetu, na huko kusini Mto Pangani unashuka na maji ya tangu Kilimanjaro na Meru. Wazee walisema bahari iliko ndiko mito iendako. Baada ya mvua kubwa nenda mdomoni mwa mtaro wowote unaoingia baharini usimame dakika kumi. Mimi nilisimama, na tangu siku hiyo sijamlaumu Mwindonesia.

Bahari ni kubwa na ina chumvi. Haijisafishi yenyewe?

Kinyesi, maganda, mzoga, mti: hivyo bahari inavimaliza, kwa sababu vina wa kuvila. Plastiki haina wa kuila ikaisha. Jua na mawimbi huikatakata tu, kipande kinakuwa viwili, viwili vinakuwa elfu, hadi inakuwa chembe. Zile zilizo chini ya milimita 5 ndizo wataalamu huziita maikroplastiki. Taka haijapungua hapo. Imekuwa ndogo kiasi kwamba hakuna gunia litakaloikamata.

Kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba sehemu kubwa ya taka haionekani kwa sababu imezama. Kizibo na kamba nyingi za rangi huelea, maana plastiki yake ni nyepesi kuliko maji. Chupa ya maji yenyewe ni nzito kuliko maji: ikifungwa kizibo huelea kwa hewa iliyomo, ikifunguka inajaa na kwenda chini. Wavu wa nailoni nao huzama. Hata kile kinachoelea, kikiota utelezi na magamba, mwisho hushuka. Katika lindi la Mariana, mahali penye kina kirefu kuliko pote duniani, kamera ilipiga picha ya mfuko wa plastiki karibu mita 10,900 chini. Ukiona Sahare pana taka, ujue unaona juu tu.

Chupa inachukua miaka mingapi kuoza?

Utasikia miaka 450. Ni makadirio, kwa sababu plastiki ilianza kutengenezwa kwa wingi miaka ya 1950 na hakuna chupa iliyokwisha kukaa muda huo. Kwa maisha yako na ya wajukuu wako, jibu ni kwamba haitaoza.

Kasa anadhurika vipi?

Kwa njia tatu, na zote zipo kwetu.

Ya kwanza ni kula. Mfuko unaoelea unafanana na yavuyavu, hilo wengi wanalijua. Lakini mwaka 2020 watafiti walionyesha kuwa harufu nayo inahusika: plastiki iliyokaa baharini ikaota vijimelea hutoa harufu ya chakula, na kasa huifuata kama anavyofuata chakula chenyewe. Akishameza hawezi kutapika kirahisi, kwa kuwa koo lake lina miiba inayoelekea ndani. Tumbo linaziba, au linajaa akahisi ameshiba huku anakonda. Utafiti wa Australia wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa kipande kimoja tu cha plastiki tumboni kinampa kasa uwezekano wa asilimia 22 wa kufa kwa sababu hiyo. Akiwa na vipande 14, uwezekano unafika nusu kwa nusu.

Ya pili ni kunaswa. Kasa anapumua hewa kama sisi, hivyo akifungwa na kamba chini ya maji anakufa kwa kukosa pumzi.

Ya tatu ni ufukwe wenyewe. Kasa wa kijani na ng'amba ndio wanaotaga Tanzania. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa kati ya sehemu zao kubwa za kutagia hadi miti yake ya mivinje ilipoisha na kisiwa kikabaki fungu la mchanga linalofunikwa na maji. Mayai yanayotagwa pale inabidi yahamishiwe Ushongo ili yasizame. Kasa mchanga akitoka kwenye kiota ana urefu wa kidole, na ana mita chache za kutambaa hadi majini huku kaa na kunguru wanamsubiri. Sasa mwekee njiani rundo la chupa na wavu uliochanika.

Wavu uliopotea una ubaya gani? Si umeshapotea?

Umepotea kwako. Kwenye mwamba bado unavua. Samaki anaingia, anakufa, mzoga wake unavuta kaa, kaa ananasa, anavuta chewa, na hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi, wala hakuna mtu anayekula kitoweo hicho. Kwa mvuvi wa Tanga naiona hii kuwa hasara mbaya kuliko zote, maana ni samaki waliokwisha kuvuliwa wasifike sokoni Deep Sea.

Zamani haikuwa hivi. Dema, ule mtego wa samaki wa fito na matete, likipotea lilioza baada ya miezi, samaki wakatoka. Kamba ilikuwa ya makumbi ya nazi au ya katani, yaani nyuzi za mkonge. Hapa naomba niseme jambo ambalo mtu wa Tanga atalielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Mkonge uliingia nchini kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha karibu tani 230,000, tukawa wa kwanza duniani. Kisha ikaja kamba ya plastiki. Bei ikaanguka, mashamba yakafungwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 25,000. Yapo mambo mengine yaliyochangia, lakini kamba ya plastiki ilikuwa kubwa miongoni mwao. Wazazi wetu walikosa kazi kwa ajili ya kamba hii, na leo ni kamba hii hii tunayoikata shingoni mwa kasa. Katani ikianguka baharini inaoza. Sijui kwa nini mji uliojengwa na mkonge unafunga madema yake kwa nailoni, na kila nikipata nafasi ya kulisema hili kwa wavuvi na kwa viongozi nalisema.

Kwa sasa: weka alama kwenye madema yako, funga mlango wa dema kwa uzi wa katani au pamba ili likipotea mlango ufunguke wenyewe, na wavu uliochakaa urudi nao nchi kavu. Usiukate ukauachia mwambani kwa sababu umekwama. Ukishindwa kuutoa, waambie BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wako, mahali ulipo, apatikane mzamiaji.

Na silikanti wetu?

Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi waliamini ameshatoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamenasa makumi yao, hasa kwenye majarife, nyavu za papa zinazotegwa kina kirefu, ndiyo sababu mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Samaki huyu anakadiriwa kuishi miaka mia hivi, na jike hubeba mimba karibu miaka mitano. Kizazi kinachokwenda polepole namna hiyo hakistahimili hasara. Jarife lililokatika likaanguka kwenye mteremko wa miamba anakojificha mchana ni mtego usio na mwenyewe.

Plastiki inadhuru matumbawe? Hayo si mawe?

Matumbawe ni wanyama, wadogo sana, wanaojenga mawe. Wanahitaji mwanga na maji yanayopita. Mfuko ukijifunga juu yao unazuia mwanga, unawachubua, na kwenye kidonda vijidudu vinaingia. Watafiti walipima miamba 159 ya Asia na Australia, wakatoa matokeo mwaka 2018: tumbawe lisiloguswa na plastiki lilikuwa na uwezekano wa asilimia 4 wa kuugua, lililoguswa asilimia 89. Miamba ya Tanga imeumizwa na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi na baadhi yake ndiyo kwanza inaota upya. Haistahili ugonjwa juu ya jeraha.

Mikoko nayo inaumia. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, unapumua kwa ile mizizi inayochomoza matopeni kama vidole, na mifuko na pampasi zikiifunika mti unakufa taratibu. Ndiyo maana tukifika kwenye mikoko tunaweka reki chini na kuokota kwa mikono.

Chupa iliyolala mchangani inamdhuru nani?

Hili aliniuliza kijana mmoja, nikamwonyesha badala ya kumjibu. Chini ya mchu palikuwa na chupa ya lita moja na nusu, nusu imefukiwa, mdomo umeelekea juu. Niliimimina kiganjani. Yalitoka maji yanayonuka na makombe saba, na ndani ya kila kombe alikuwamo kaa amekufa, wale kaa wadogo wanaobeba nyumba mgongoni. Wanaingia chupani kutafuta maji au kivuli, na ukuta wa plastiki unateleza, hawatoki.

Kibaya zaidi, kaa huyu akifa harufu yake huwaambia wenzake kuwa pana kombe tupu, na kila mmoja wao anatafuta nyumba kubwa zaidi. Wanakuja, wanaingia, wanafia mle mle. Kwenye visiwa viwili vya mbali, kimoja Bahari ya Hindi na kingine Pasifiki, watafiti walikadiria kaa zaidi ya nusu milioni waliofia ndani ya taka. Yule kijana sasa hafungui gunia bila kwanza kutikisa chupa.

Taitai za mwani nazo ni taka?

Ndiyo, na nasema hili kwa heshima kwa sababu kilimo cha mwani kinawalisha akina mama wengi wa pwani yetu. Taitai ni uzi mfupi wa plastiki wa kufungia mche kwenye kamba, na shamba moja lina maelfu. Wakati wa kuvuna zinakatwa na kuangushwa. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, hii ni ndogo na bahari ni kubwa." Nikamwambia, "Ni kweli bibi, lakini tuhesabu za leo." Tuliinama tukaokota kwenye mistari yake mitano, kopo la kilo moja la rangi likajaa na maji hayajaanza kujaa. Aliliangalia kopo muda. Tangu hapo anafunga kifuko cha khanga kiunoni, na kila taitai anayoikata inaingia humo. Nyingi anazitumia tena, amepunguza kununua.

Samaki wa Tanga bado ni salama kula?

Kula samaki. Chembe za plastiki anazomeza samaki hukutwa zaidi tumboni na kwenye matumbo, na hayo unayatoa unapomwosha changu au tasi. Dagaa wanaliwa wazima, chaza pia, na chaza huchuja maji mchana kutwa, kwa hiyo ukila hao chembe zinaweza kukuingia. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walikuta plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22 waliowapima, na plastiki hiyo huingia pia kwa maji ya kunywa, vumbi na vyombo vya plastiki vyenye chakula cha moto. Uchunguzi wa madhara yake unaendelea. Mtu asikutishe ukamnyima mtoto dagaa.

Rambo zilipigwa marufuku 2019. Mbona taka bado zipo?

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 ilisaidia, na tuliokuwa tukiokota kabla yake tumeiona tofauti. Anayekutwa na mfuko uliokatazwa anaweza kutozwa faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Lakini sheria ililenga mifuko ya kubebea. Chupa za maji na soda, vifungashio vya viwandani, ndala, pampasi, nyavu, hivyo havikuguswa. Na vile vifuko vyembamba vya karanga na ubuyu mitaani havijaisha.

Niichome basi? Au niifukie mchangani?

Usichome. Moshi wake una sumu, wa kwanza kuuvuta ni watoto wako, na majivu yanarudi majini. Kufukia ufukweni ni kuiahirisha tu hadi bamvua lijalo, maji yanapojaa sana. Chupa wape waokota makopo, wanaziuza kwa kilo, na kwa maoni yangu hao ndio walinzi wa bahari wanaofanya kazi kubwa na kupata heshima ndogo kuliko wote hapa mjini. Wakipita, wasalimie, na uwape chupa zikiwa safi.

Pampasi je?

Ndiyo taka inayonisumbua zaidi. Ina plastiki ndani na nje, inanyonya maji, inazama na kutulia juu ya majani ya bahari ambapo samaki wadogo wanalelewa. Wapo mama wanaoamini kuwa pampasi ikichomwa mtoto atapata vidonda, ndiyo maana wanaitupa majini usiku. Siwacheki, wanamlinda mtoto kwa namna wanavyojua. Ninachowaomba ni ifungwe, iende kwenye gari la taka. Anayeweza kurudia nepi za kitambaa, hata kwa mchana tu, ametusaidia sana.

Kuokota ufukweni kunasaidia kweli, au mnajichosha?

Kunasaidia: kila wavu tunaoutoa ni wavu usiorudi mwambani na bamvua. Lakini ningepewa siku moja tu kwa mwaka, nisingeitumia Sahare. Ningeitumia mwezi wa pili, kabla ya masika, ndani ya mitaro ya Ngamiani. Kilo moja inayotolewa mtaroni ikiwa kavu na imekusanyika haihitaji mzamiaji, wala boti, wala kumkatia kasa kamba. Ndiyo sababu mwaka huu kikundi chetu kimegawa kazi. Jumamosi ya mwisho ya Januari na ya Februari tunaanzia mitaroni, ufukwe tunaufuata wakati wa kusi, upepo unapoanza kuleta vinavyoelea.

Nikimkuta kasa amenaswa nifanye nini?

Usimburute kwa kamba wala kwa mapezi. Kama yuko juani mwekee kivuli, mfunike gamba kwa kitambaa kilicholowa, pua uiache wazi. Kata kamba polepole, ukielekeza ncha ya kisu mbali na ngozi. Ikiwa kamba au plastiki inatokeza mdomoni au nyuma, usiivute hata kidogo, maana inaweza kuwa imejizungusha kwenye matumbo: kata kile kilicho nje tu. Kisha tuma mtu kwa BMU au ofisa uvuvi wa karibu, nawe baki naye. Watoto wakisogea wakae kimya. Kelele humwongezea hofu kasa aliyechoka.